Twanga Kwanza, Angkor Baadaye

Leo nakupeleka mbali, Kambodia, na nina ombi. Ukijaaliwa kufika mji wa Siem Reap, asubuhi yako ya kwanza usiipe Angkor Wat, lile hekalu la kale. Najua watu watakuhimiza. Mwenye hoteli, na dereva wa ile pikipiki inayovuta kibanda cha abiria wanayoiita remork, wote watakwambia uamke saa kumi alfajiri ukalione jua likichomoza nyuma ya minara. Na minara ile ina haki yake. Imesimama tangu karne ya 12, enzi za mfalme Suryavarman wa Pili, na tangu mwaka 1992 imo katika orodha ya UNESCO ya urithi wa dunia. Utakwenda kesho yake. Asubuhi ile ya kwanza nenda kwa mwalimu wa mapishi, ukae mbele ya kinu, utwange.

Nasema ya kwanza kwa makusudi. Mtu aliyetwanga kwanza, akienda baadaye sokoni, ziwani, hata hekaluni, kuna vitu ataviona ambavyo vinginevyo angevipita bila kugeuza shingo.

Nazungumza hasa na wewe unayesafiri kwa shughuli zako. Wapo Watanzania na Wakenya wengi wanaofuata mzigo Guangzhou, wapo wauza vito wanaopeleka mawe Bangkok. Mzigo hukwama, mnunuzi husema rudi Jumatatu, na siku zinakwisha chumbani mtu akitazama simu. Kutoka Bangkok hadi Siem Reap ni saa moja na kitu kwa ndege. Darasa la nusu siku hutozwa takribani dola 20 hadi 40 za Marekani, na dola zinapokelewa kule sambamba na fedha yao, rieli. Mnakutana asubuhi, mnakwenda sokoni na mwalimu, mnarudi jikoni, kila mtu anapewa kibao chake na kisu chake, mnapika vyakula vitatu au vinne, halafu mnakaa pamoja mnakula mlichopika. Utaratibu wenyewe ni huo, hauna makuu.

Tuanze sokoni. Siem Reap wana soko liitwalo Phsar Chas, soko la zamani, kando ya mto katikati ya mji. Ukilizunguka kwa nje utaona fulana na vinyago vya watalii. Ingia ndani, pale sakafu ilipolowa. Wauzaji wamekaa juu ya vichanja, katikati ya bidhaa zao, miguu wameikunja: mwenye mboga amezungukwa na mboga, mwenye samaki ana mabeseni ya samaki wa maji baridi ambao bado wanarukaruka. Mashine inakuna nazi kwa mngurumo, na pembeni mama anakamua tui na kulifunga kwenye mifuko. Kuna vilima vya viungo vilivyokwisha kutwangwa, vya manjano na vyekundu, kwa wale wanaokimbilia kazini. Na karibu wote wanaouza ni wanawake.

Hilo la wanawake si jambo la jana. Mjumbe mmoja wa Kichina, Zhou Daguan, alifika Angkor, mji mkuu wa enzi hizo, mwaka 1296 akakaa huko karibu mwaka mzima, na aliporudi kwao aliandika aliyoyaona. Alisema biashara ya nchi ile iko mikononi mwa wanawake, kwamba soko huanza asubuhi na kumalizika adhuhuri, na kwamba hakuna maduka bali kila mtu hutandika mkeka wake chini. Miaka zaidi ya 700 imepita. Vichanja vimechukua nafasi ya mikeka, ila ukichelewa ukafika saa saba mchana, samaki wazuri hukuti.

Siku niliyoenda mimi, mwalimu wetu alikuwa mama wa makamo, tukimwita bong, neno la heshima kwa aliyekuzidi umri. Alikuwa hanunui bila kushika. Jani la mgomba alilikunja kidogo aone kama linapasuka. Mchaichai aliuvunja kwenye shina akaunusa. Kwenye meza ya prahok alisimama muda mrefu kuliko kwingine kote, na hapo wenzangu wawili, watu wa Ulaya, walirudi nyuma.

Prahok ni samaki wadogo waliotolewa vichwa na matumbo, wakaoshwa, wakapondwa, wakatiwa chumvi na kuanikwa, kisha wakafungiwa kwenye mitungi wiki kadhaa, na wengine mwaka au zaidi, mpaka nyama ikawa rojo la kijivu. Harufu yake inakufikia kabla ya meza yenyewe. Sisi tuliokulia nyumba zenye papa na ng'onda tunaielewa lugha hiyo, wala hatuna haja ya kuziba pua. Bong alipoona sikurudi nyuma alinisogezea kijiko, akaeleza ipi ni ya supu, ipi ni ya kukaangwa na nyama ya kusaga na tui, ipi imekaa muda mrefu zaidi. Darasa langu kwa kweli lilianzia hapo.

Sasa tuingie jikoni, na hapa naomba univumilie, maana nataka kukawia.

Msingi wa upishi wa Wakhmer, kabila kubwa la Kambodia, ni kroeung, viungo vibichi vilivyotwangwa pamoja mpaka vikashikana. Kuna mchaichai, ambao sisi tunachemshia chai basi, lakini wao wanaula. Kuna khulinjani, ile jamaa ya tangawizi ambayo wauza dawa za asili wa pwani wanaijua vizuri. Kuna manjano mabichi, kitunguu saumu, vitunguu vidogo vyekundu, na ganda na majani ya ndimu yao yenye makunyanzi. Jani lake limekaa kama majani mawili yaliyounganishwa ncha kwa ncha. Kroeung ya kijani hutegemea zaidi mashina na majani ya mchaichai, ya manjano hutegemea manjano, nyekundu hutiwa pilipili kubwa zilizokaushwa na kurowekwa, ambazo zinatoa rangi kuliko ukali.

Kazi ni kwenye kisu kwanza. Unamenya maganda ya nje ya mchaichai, unachukua sehemu ya chini iliyo nyeupe, unakata vipande vyembamba kiasi cha kuona mwanga. Ukikata nene, hakuna kutwanga kutakakokuokoa: nyuzi zitabaki mdomoni mwa mlaji. Halafu kuna mpangilio wa kutia kinuni. Kigumu hutangulia. Mchaichai unaingia na chembe za chumvi ili usiteleze, unatwangwa peke yake mpaka ulainike. Ndipo inaingia khulinjani, halafu ganda la ndimu, halafu manjano. Vitunguu, vyenye maji, vinakuja mwisho kabisa. Vikitangulia, kinu kitajaa maji na mchi utakuwa unarusha tu.

Bong alikuwa akipita kinu hadi kinu. Anachukua kidogo kwa ncha za vidole, anasugua kidole gumba na cha shahada, anasikiliza kwa vidole hivyo kama kuna nyuzi, anasema neno moja: bado. Unarudi kutwanga. Harufu inabadilika kadiri unavyoendelea. Mwanzo ni mchaichai mtupu, halafu khulinjani inaingia na ukali wake wa dawa, halafu ganda la ndimu linafungua kila kitu, na ghafla hujui tena kipi ni kipi. Hapo ndipo anapokuja, anasugua, na safari hii hasemi kitu. Anachukua kinu chako anapeleka kwenye sufuria.

Mtu atauliza: mashine ya kusagia haipo? Ipo, na nyumba nyingi za mjini zinaitumia. Lakini mashine hukata na mchi huponda, na mafuta ya mchaichai hutoka kwa kupondwa. Tena mashine haizunguki bila kutiwa maji. Viungo vikilowa hivyo, ukivitia kwenye kasimile lililochemka havikaangiki, vinachemka tu, na mchuzi unatoka umepauka. Nakuelezea haya wewe uliye Lamu, Tanga au Pemba, nikijua unayajua. Bibi zetu waliyasema hayohayo kuhusu bizari ya kutwanga. Kuyasikia kwa mtu asiyejua Pemba iko wapi, akiyasema kwa uhakika uleule, kulinifanya niwasikilize upya bibi zangu.

Turudi kwa yule Mchina wa mwaka 1296. Katika maandishi yake aliingia hadi jikoni kwa watu wa kawaida. Anasema walipika wali kwenye chungu cha udongo na mchuzi kwenye chungu kingine, walizika mawe matatu ardhini kuwa jiko, na walichotea kwa kifuu cha nazi. Mafiga matatu na upawa, msikilizaji! Sisemi kwamba tulifundishana. Mwenye nazi na chungu popote duniani pengine angefika hapo. Lakini ukikaa kwenye kibanda cha mapishi nje ya Siem Reap, ukaona upawa umening'inizwa ukutani, unaacha kujiona mgeni.

Na ukitoka hapo ukaenda hekalu la Bayon, lililojengwa enzi za Jayavarman wa Saba, mwishoni mwa karne ya 12 na mwanzoni mwa ya 13, nenda kwenye kuta za nje upande wa kusini. Wageni wengi hukimbilia zile nyuso kubwa za juu. Wewe inama uangalie chini. Wachongaji wamechonga karamu inayoandaliwa: watu wanapuliza moto, wanageuza mishikaki, wanabeba vyakula kichwani, chungu kikubwa kiko jikoni, na nguruwe anataka kutumbukizwa. Kwa siku ile moja ya darasa utakuwa umejua mikono ya wale watu inafanya nini.

Chakula ambacho karibu kila darasa linafundisha ni amok ya samaki. Unachukua kroeung yako, unaichanganya na tui, yai, mchuzi wa samaki, uduvi uliosindikwa kwa chumvi, na sukari kidogo ya mvumo. Unakoroga kuelekea upande mmoja mpaka uzito uonekane, kisha unatia minofu ya samaki wa mtoni iliyokatwa vipande vyembamba. Sukari ile hutoka kwenye mti uitwao thnaot, ndugu wa mvumo wetu, ambao tangu mwaka 2005 ni mti wa taifa la Kambodia. Wagema wanaupanda kwa ngazi ya mwanzi, wanakinga utomvu, wanauchemsha mpaka unageuka sukari ya hudhurungi yenye harufu ya moshi.

Kikombe cha amok ni jani la mgomba. Linapanguswa kwa kitambaa, linapitishwa juu ya moto taratibu mpaka kijani chake king'ae na jani lilegee, linakatwa miduara miwili inayowekwa moja juu ya nyingine. Halafu unabana pembe nne na kuzipigilia kwa vijiti vya mwanzi vilivyochongwa. Ndani ya kikombe, chini, hutandikwa majani ya mnoni, machungu kidogo, na uchungu ule ndio unaoshika utamu wa tui. Kinaingia kwenye mvuke kama dakika ishirini. Juu mwishoni linamwagwa kasimile zito, linanyunyizwa majani ya ndimu yaliyokatwa membamba kama uzi na vipande viwili vya pilipili nyekundu, na kinaliwa na wali. Amok iliyopikwa vizuri hutetemeka kidogo ukiigusa kwa kijiko. Ile inayomwagika kama mchuzi, ambayo migahawa mingi ya watalii inatoa kwa sababu ya haraka, imekosa muda wa mvuke.

Utaona pia kwamba pilipili si kali. Mwenye kutarajia moto wa Thailand ataukosa. Pilipili tunayoijua leo ilitoka Amerika ya Kilatini, ikafika Asia karne ya 16. Kabla yake ukali ulikuwa wa pilipili manga, na Wakhmer hawakuiacha. Ile ya mkoa wa Kampot inasifika kiasi kwamba jina lake linalindwa kisheria nchini tangu mwaka 2010, na katika Umoja wa Ulaya tangu 2016. Darasani utaisaga mwenyewe, uichanganye na chumvi na maji ya ndimu, uchovye vipande vya nyama ya ng'ombe iliyokaangwa harakaharaka iitwayo lok lak. Mtu wa pwani aliyezoea chumvi na ndimu hatahitaji maelezo zaidi.

Sasa samaki. Huwezi kujifunza jiko la Kikhmer bila kuelewa ziwa la Tonle Sap, na mwalimu mzuri atakueleza huku mnaparua magamba. Kati ya ziwa hilo na mto Mekong kuna mto unaobadili mwelekeo. Kiangazi maji hutoka ziwani kwenda Mekong. Masika yakianza, kuanzia mwezi wa sita hivi, Mekong hufurika kiasi cha kuyasukuma maji yarudi nyuma, yaingie ziwani. Ziwa la kilomita za mraba kama 2,500 huvimba likafika hadi 15,000 katika mwaka mzuri. Misitu inazama, samaki wanaingia kuzaa na kula kati ya miti. Maji yakigeuka tena kuelekea baharini, karibu na mwezi wa kumi na moja, nchi nzima husherehekea kwa mashindano ya mitumbwi, na samaki hushuka kwa wingi pamoja na maji. Kati ya mwezi wa kumi na mbili na wa pili wavuvi hutega nyavu kubwa za mifuko mtoni, na wakulima kutoka mbali huja ukingoni kununua samaki wadogo kwa ajili ya prahok ya mwaka mzima. Samaki wanaotumika sana huitwa trey riel, na wapo wanaosema fedha yao ilipata jina kwao.

Mzunguko huo umetikisika. Mwaka 2019 na 2020 maji yalichelewa kugeuka na yalipogeuka yalikuwa haba, kwa ukame na kwa mabwawa yaliyojengwa juu ya Mekong. Bong alituambia, akiwa amemshika samaki wa kufugwa mikononi, kwamba alipokuwa mtoto, samaki wa kufugwa hakuwahi kuingia jikoni kwao. Alisema hivyo akiendelea kuparua. Ninapenda madarasa ya namna hii kwa sababu hiyo: habari ya mto mzima unaipata kwa samaki mmoja aliye kwenye kibao, kutoka kwa mtu anayemnunua kila siku.

Kuna jambo jingine, zito zaidi. Tarehe 17 Aprili 1975, waasi wa kikomunisti wa Khmer Rouge waliingia Phnom Penh, mji mkuu, na kuwafukuza watu wote kwenda mashambani. Kwa karibu miaka minne, mpaka tarehe 7 Januari 1979, walikufa watu wanaokadiriwa kuwa milioni 1.7 kwa njaa, maradhi, kazi za kuua na mauaji yenyewe, katika nchi yenye watu kama milioni nane. Ninalotaka ulijue leo ni kwamba utawala ule ulipiga marufuku kupika nyumbani. Vyungu na sufuria vilichukuliwa, watu wakala kwenye mabanda ya pamoja, wakipewa uji wa mchele, maji mengi punje chache. Aliyeokota matunda au kunasa chura kwa siri aliweza kuuawa kwa hilo. Na hii ilikuwa nchi ambayo mapishi hayakuandikwa sana. Yalikuwa vichwani na mikononi mwa akina mama na bibi. Mama akifa, mapishi yake yalikwenda naye. Binti akikua bila jiko, alikua bila kufundishwa.

Kwa hiyo unapomwona mwalimu wa miaka arobaini na kitu akikuelekeza kukunja jani la mgomba, ujue elimu ile ilikaribia kukatika. Mtu fulani aliyenusurika, labda bibi, labda shangazi, alikishika kinu tena baada ya mwaka 1979, akatwanga akiwa na kumbukumbu tu. Ndiyo maana siwezi kulisikia darasa hili likiitwa burudani ya watalii nikanyamaza. Si burudani.

Kwa Waislamu wanaonisikiliza, najua swali lenu. Nguruwe hutumika sana Kambodia, kwa hiyo sema mapema, siku unapojiandikisha, nao huwa wepesi kubadilisha. Vyakula vingi vya darasani ni vya samaki, kuku au ng'ombe. Lakini jua pia kwamba Kambodia ina Waislamu wake, Wacham, wengi wao wavuvi na wafanyabiashara wa kando ya Mekong. Siem Reap kwenyewe kuna msikiti wao, na vibanda vya chakula vya halali viko jirani nao. Chini ya Khmer Rouge Wacham walilazimishwa kula nguruwe, waliuawa kwa maelfu kwa dini yao na kabila lao. Mnamo Novemba 2018 mahakama maalumu ya Phnom Penh ilimtia hatiani Nuon Chea, aliyekuwa wa pili kwa Pol Pot, kiongozi wa Khmer Rouge, kwa mauaji ya kimbari dhidi yao na dhidi ya Wavietnam. Wacham ndio wanaonasibishwa na mchuzi wa nyama ya ng'ombe uitwao saraman: kroeung iliyoongezwa iliki, mdalasini na nazi iliyokaangwa mpaka ikawa rangi ya kahawa, na karanga. Ukipata mwalimu anayeufundisha, usiuache. Utakutana na iliki ya nyumbani kwenu ndani ya sufuria ya Kikhmer, na utajua bahari iliyowaleta wafanyabiashara wa Kiislamu pwani yetu iliwapeleka kule pia.

Sasa jinsi ya kuchagua, maana madarasa si sawa. Yapo ambayo unakuta kila kitu kimekatwa na kutiwa kwenye vibakuli, kroeung imetoka mashineni, na kazi yako ni kumimina na kupigwa picha. Yapo yanayoficha prahok ili mgeni asichukizwe. Orodha huwa ileile: amok, saladi ya embe bichi, viviringe vya kukaanga. Hayo ni mapishi matamu, siyabezi, ila mama wa Kikhmer hapiki amok kila siku. Anapika samlor, supu, kila siku. Kwa hiyo uliza maswali mawili kabla ya kulipa. Nitatwanga mwenyewe? Naweza kujifunza samlor korko? Hiyo ni supu ya mboga nyingi, majani, papai bichi, samaki, kroeung ya kijani, prahok, na mchele uliokaangwa mkavu kisha ukasagwa, unaotiwa mwishoni ili mchuzi ushikane. Mwalimu anayesikia jina hilo akafurahi ndiye wako. Nilimwona bong akifurahi namna hiyo. Aliacha ratiba yake, akatutuma turudi sokoni kuchukua majani ya mpilipili.

Na kama unapenda fedha yako ifike mbali zaidi ya jiko moja, Siem Reap kuna Sala Bai, chuo cha hoteli kilichofunguliwa mwaka 2002, kinachofundisha bure vijana wa familia maskini upishi na utumishi wa hoteli. Wana mgahawa wao. Wanafunzi ndio wapishi. Kula pale.

Wapo Wakhmer wanaokusanya yaliyobaki. Ros Rotanak, mpishi anayejulikana zaidi kwa jina la Chef Nak, alizunguka mikoani kuketi na wazee na kuandika mapishi yao, na mwaka 2019 akatoa kitabu chake Nhum. Ni kazi isiyongoja. Aliyekuwa na miaka 20 mwaka 1975 sasa amefika 70. Bong mwenyewe hana kitabu. Mama yake yuko kijijini, bado anapima chumvi ya prahok kwa mkono, na kila mwanzo wa mwaka, samaki wanaposhuka, bong hufunga darasa kwa siku chache akaenda kumsaidia kusindika. Alituambia tukitaka kujifunza hiyo pia tuje mwezi wa kwanza, tulale huko huko, na tusije na nguo nzuri.